Hofu ya Mwaka 2000 na Wanunuzi wa Hisa

Mwalimu anapoandika tarehe ubaoni, aghalabu huandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, wala hapana mwanafunzi anayeuliza ni mwaka wa karne ipi. Akili ya binadamu hujaza yenyewe kilichoachwa. Kompyuta haina akili ya namna hiyo. Hujua lile iliyoambiwa na halizidishi, na kwa muda wa miaka mingi kompyuta za dunia ziliambiwa kwamba mwaka ni tarakimu mbili. Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji wangu, jinsi ufupisho huo ulivyozaa hofu kubwa mwishoni mwa karne ya ishirini, jinsi hofu ilivyozaa biashara, na yaliyowapata watu waliotia akiba zao katika biashara hiyo. Habari za hofu yenyewe zimekwisha simuliwa mara nyingi. Habari za fedha hazisimuliwi sana, nami naziona ndizo zenye kufikirisha zaidi.

Asili ya jambo hili ni ubahili, lakini ubahili wenye sababu. Kabla ya kompyuta za leo, hesabu za makampuni na za serikali ziliwekwa katika kadi za karatasi nene zilizotobolewa matundu. Kadi iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1928, ambayo ilitumika kwa muda mrefu kuliko zote, ilikuwa na safu 80. Katika safu hizo 80 ilibidi kutia jina la mtu, namba yake, mshahara wake, siku aliyozaliwa na siku aliyoanza kazi. Aliyeandika 35 badala ya 1935 aliokoa safu mbili kwa kila tarehe, na mwenye kadi milioni moja hakuliona jambo hilo kuwa dogo. Kadi zilipoondoka zikaja tepe za sumaku, lakini nafasi katika kompyuta iliendelea kuwa ghali, na desturi ikabaki. Mwaka 1998 Alan Greenspan, aliyekuwa mkuu wa benki kuu ya Marekani, aliwaambia maseneta wa nchi yake kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wakosaji: zamani aliandika programu za namna hiyo, akajivunia nafasi aliyoiokoa. Hakuna aliyedhani kwamba programu za wakati ule zingeishi miaka thelathini. Zikaishi. Mabenki, mashirika ya bima na wizara za serikali yaliendelea kujenga mapya juu ya ya kale, kama mtu anayeongeza vyumba katika nyumba bila ya kuutazama msingi.

Kompyuta zilifika kwetu Afrika Mashariki katika kipindi hicho hicho cha ubahili. Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta yake mwaka 1965. Haikupata mafanikio yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye. Siitaji habari hiyo kwa kuisifu. Nataka tu ujue kwamba jambo hili halikuwa la Wazungu peke yao. Kila palipokuwa na orodha ya mishahara au ya akiba za uzeeni iliyotunzwa na mashine, palikuwa na tarakimu mbili zilizokosekana.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mfanyakazi amezaliwa mwaka 1935. Katika mwaka 1999 mashine inatoa 35 katika 99, inapata 64, na yote ni sawa. Siku inayofuata mwaka ni 00. Mashine inatoa 35 katika sifuri, inapata 35 chini ya sifuri. Je, mtu huyu alipwe malipo yake ya uzeeni? Mashine itasema kwamba bado hajazaliwa. Au mtu amekopa fedha mwaka 1998 azilipe mwaka 2003: mashine itaona kwamba deni lilipaswa kulipwa kabla halijakopwa, miaka 95 nyuma. Tena palikuwa na shaka ya pili. Mwaka unaogawanyika kwa 100 kwa kawaida hauna tarehe 29 Februari, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Na mwaka 2000 unagawanyika. Waandishi wa programu waliojua nusu ya kanuni wakaisahau nusu ya pili.

Wenye ujuzi walionya mapema. Mmarekani Bob Bemer alilisema jambo hili tangu miaka ya 1970, asisikilizwe. Mnamo Septemba 1993 Peter de Jager, mtaalamu wa Kanada, aliandika makala katika gazeti la Computerworld yenye jina la kutisha, akieleza kwamba siku ya kiama ya mashine inajulikana kwa tarehe na kwa saa. Hata hapo wakubwa wengi wa makampuni walicheka. Kicheko kilianza kupungua katika mwaka 1996, na ndipo kampuni ya Gartner, ambayo kazi yake ni kupima mambo ya kompyuta, ikakadiria kwamba kuzitengeneza programu zote za dunia kungegharimu kati ya dola bilioni 300 na bilioni 600.

Litafakari kadirio hilo kama alivyolitafakari mtu mwenye akiba. Hapa pana kazi ambayo haina budi kufanywa. Pana tarehe ambayo haiwezi kusogezwa mbele na bunge lolote wala na mfalme yeyote. Pana wateja wenye fedha, nao wameshikwa na woga. Na mafundi ni wachache, maana lugha ya COBOL, iliyotumika kuandika programu nyingi za zamani, ilikuwa imeachwa na vijana, hata wazee waliokwisha staafu wakaitwa warudi kazini kwa mishahara minono. Kuna biashara gani nzuri kuliko hiyo? Basi watu wakakimbilia kununua hisa za makampuni yaliyodai kuwa na dawa.

Pengine yafaa nikueleze hisa ni nini, maana wako wasomi wakubwa ambao bado huifikiri kuwa ni tikiti ya bahati nasibu. Kampuni ikiwa na mtaji uliogawanywa mafungu milioni moja, kila fungu ni hisa, na anayenunua fungu moja ni mwenye mali wa sehemu moja katika milioni ya kampuni hiyo, pamoja na faida zake za siku zote zijazo. Yatie moyoni maneno hayo, siku zote zijazo, kwa sababu ndiyo kiini cha habari yetu. Bei ya hisa haipimi faida ya jana, wala ya leo peke yake. Hupima yale ambayo wanunuzi kwa jumla wanadhani kampuni itavuna mpaka mwisho wa maisha yake.

Mkenya wa miaka ile hakuwa na njia rahisi ya kushiriki katika mbio hizo. Soko la Hisa la Nairobi lilikuwapo tangu 1954, ingawa kabla ya uhuru Mwafrika hakuruhusiwa kufanya biashara humo. Lakini hapakuwa na kampuni ya kutengeneza kompyuta iliyoorodheshwa katika soko hilo. Ya kwanza ya teknolojia ya habari, AccessKenya, iliingia mwaka 2007. Kulikuwa na mabenki, majani ya chai, saruji, pombe na, tangu 1996, ndege. Tena soko lenyewe, mpaka Septemba 2006, liliendesha mnada wake kwa sauti za madalali waliokusanyika katika ukumbi mmoja. Ni ajabu ya kuchekesha kidogo: wakati masoko makubwa ya Ulaya na Marekani yalipokuwa yakikesha kuzichungulia programu zao, la kwetu lilikuwa bado linategemea koo za watu, na koo la mtu halina tarakimu mbili. Kwa hiyo yatupasa kuvuka bahari ili tuone mchezo ulivyochezwa.

Kule Marekani mchezo ulikuwa mkali. Chukua kampuni iliyoitwa Zitel, ya California. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya kuhifadhia habari za kompyuta. Ilinunua sehemu ya kampuni nyingine, MatriDigm, iliyosema kwamba imevumbua njia ya kuzipitisha programu za kale katika mtambo, zikatoka upande wa pili zikiwa zimesahihishwa. Ilikuwa kama kinu: mahindi huku, unga kule. Katika mwaka 1996 bei ya hisa za Zitel ilipanda mara nyingi kuliko ilivyokuwa mwanzo wa mwaka, juu ya nguvu ya ahadi hiyo. Lakini programu za kale hazikuwa mahindi. Kila kampuni ilikuwa imeandika zake kwa namna yake, na mara nyingi aliyeziandika alikuwa amekwisha kufa au kuhama bila ya kuacha maelezo. Wateja wakubwa hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, na kabla mwaka 1999 haujaisha hisa za Zitel zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa mno ya bei ya kilele chake.

Utasema kwamba hao waliuza ndoto, na kwamba hasara ya mnunuzi ilitokana na wepesi wake wa kuamini. Vema. Basi chukua Viasoft, ya Arizona, ambayo iliuza zana halisi za kuchunguza programu, zana zilizofanya kazi. Au Keane, ya Boston, kampuni kongwe yenye maelfu ya mafundi waliofanya kazi ya kweli kwa wateja wa kweli na kulipwa fedha za kweli. Hisa za Viasoft zilianguka vibaya. Hisa za Keane zilifika kileleni mwaka 1998, zikateremka sana. Nakuomba uutazame mwaka huo vizuri. Walioshuka hawakungoja tarehe ipite. Walishuka zaidi ya mwaka mzima kabla haijafika, wakati magazeti yalipokuwa yakipiga kelele kuliko wakati wowote na watu wakinunua mishumaa na vyakula vya mikebe. Mwaka 1997 soko moja la New York lilikuwa limeanzisha hata kipimo maalumu cha bei za makampuni ya namna hiyo, likakipa jina la de Jager, ili watu waweze kucheza kamari juu ya kundi zima kwa pamoja. Kwa maoni yangu, siku soko linapoifanyia hofu kipimo chake maalumu, hofu hiyo imekwisha kuuzwa kwa bei yake yote.

Mbona hisa zishuke hali kazi ingalipo? Ngoja nikutafutie jibu karibu, hapa Kyuso. Mwenye duka wa huku ajua kwamba mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo letu kuliko za masika, zinatarajiwa Oktoba au Novemba. Ajua pia kwamba ndengu zikivunwa kila mkulima atataka magunia. Je, akinunua magunia mengi atatajirika? Asingoje kujibiwa na mvua, maana mwenye duka wa jirani naye ajua, na mwenye kiwanda cha magunia ajua, na dereva wa lori ajua. Bei ya gunia imekwisha panda kabla ya wingu la kwanza. Tena mavuno yana mwisho: baada ya Februari au Machi, nani atakuja kununua gunia? Mtu aliyenunua duka zima kwa bei iliyopimwa kwa mauzo ya Januari, akidhani kwamba kila mwezi utakuwa Januari, amenunua miezi mingi ya ukimya.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa makampuni ya tarehe. Kufikia katikati ya mwaka 1998 mabenki makubwa yalikuwa yamekwisha tia sahihi mikataba, na mengi yalikuwa yameuvuka mto nusu. Hapakuwa na wateja wapya wa kutarajiwa. Wanunuzi wa hisa waliokuwa werevu wakaanza kuuliza swali moja tu: kampuni hii itafanya nini tarehe 2 Januari 2000? Iliyokosa jibu ilishuka, hata kama vitabu vyake vya hesabu vya mwaka ule vilijaa faida. Hatari ilikuwa ya kweli, kazi ilikuwa ya uaminifu, wafanyakazi walilipwa, wateja wakaokoka. Na mwenye hisa akapata hasara. Mambo hayo yote yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na wengi mpaka leo hawaamini kwamba yaweza kuwa hivyo.

Historia ya Wakamba inayo habari inayofanana na hii. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, misafara ya Wakamba ndiyo iliyobeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa. Kivoi wa Kitui, yule aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849 na kuuawa safarini mwaka 1851, alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara hiyo. Utajiri wao ulitokana na pengo: watu wa pwani waliitaka pembe, lakini hawakuzijua njia za bara. Baadaye wafanya biashara wa pwani wakaanza kupanda bara wenyewe kwa misafara yao, na pengo likazibika. Pembe iliendelea kuuzwa kwa miaka mingi, ila faida ya kati haikuwa tena ya Mkamba. Tofauti ni kwamba Kivoi hakuandikiwa tarehe ya pengo lake kufungwa. Wenye hisa za Keane walikuwa nayo katika kila kalenda ukutani.

Kuna waliolijibu lile swali la tarehe 2 Januari, nao hawakuwa Marekani. Walikuwa India. Nchi hiyo ilikuwa na maelfu ya vijana waliohitimu uhandisi, waliojua Kiingereza, waliokubali mshahara ambao kwa Mmarekani ni mdogo; na saa zao ziliwafaa, kwa kuwa Boston inapolala, Bangalore inafanya kazi. Kampuni ya Tata Consultancy Services ilianzisha mjini Chennai mahali palipofanana na kiwanda, ambapo programu za kale ziliingia na kutengenezwa hatua kwa hatua, watu wakipokezana. Kampuni nyingine, Infosys, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1981 na wahandisi saba wenye mtaji mdogo sana. Ilipotoa hisa zake kwa umma mwaka 1993, kwa bei ya rupia 95, wanunuzi hawakutosha, ikabidi benki ya Marekani ya Morgan Stanley izichukue zilizobaki. Kazi ya mwaka 2000 ilipokuja, Infosys iliifanya, lakini ilikuwa sehemu tu ya mapato yake. Mnamo Machi 1999 ikawa kampuni ya kwanza ya India kuorodheshwa katika soko la Nasdaq.

Siri yao haikuwa ufundi mkubwa zaidi. Kusahihisha tarehe ni kazi ya kuchosha, karibu na kupepeta mchele: unachambua mistari elfu ili uone mmoja wenye kasoro. Wamarekani waliiona kuwa kazi ya kumalizwa na kusahauliwa. Wahindi waliiona kuwa mlango. Mteja aliyemfungulia mgeni programu zake zote, ili azikague mstari kwa mstari, amemwonyesha pia kila chumba cha nyumba yake, na kazi ile ilipokwisha, ni nani aliyefaa zaidi kupewa kazi ya kuzitunza? Makampuni hayo ya India sasa yameajiri watu kwa malaki. Kenya nayo ilikuwa na vijana wenye Kiingereza na hesabu. Lakini haikuwa na njia: mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano yetu na ng'ambo yalipita hasa angani kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe. Miaka kumi ya kuchelewa katika jambo kama hilo ni miaka mingi, nami sijui kama tumepata kuihesabu hasara yake ipasavyo.

Usiku wenyewe ulipita kwa amani. Mwandishi wa maneno haya alikuwa bado mtoto wa kufuata mbuzi, na katika nyumba nyingi za upande wetu taa ilikuwa ya mafuta, isiyojua kalenda. Saa sita ya usiku ilipita Australia, ikapita Asia, ikapita Nairobi, na umeme ukawaka kama kawaida. Makosa yalikuwapo, mengi madogo. Duka moja la kukodisha filamu katika jimbo la New York lilimdai mteja dola 91,250, kwa kuwa kompyuta ilidhani amechelewesha kanda kwa miaka 100. Lakini si yote yaliyochekesha. Huko Sheffield, Uingereza, kompyuta ya hospitali iliyotumia umri wa mama kukadiria uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro iliendelea kukosea kwa miezi kadhaa ya mwaka 2000, na wanawake wajawazito 154 walipewa majibu yasiyo sahihi. Ukimsikia mtu akisema kwamba jambo lote lilikuwa uongo wa wauza kompyuta, mtajie Sheffield.

Hata hivyo lawama hiyo yastahili kusikilizwa kwa haki. Italia na Urusi, zilizotumia fedha kidogo na kuanza kwa kuchelewa, hazikupata maafa makubwa. Je, zile dola bilioni zilitupwa bure? Sidhani. Nchi zilizochelewa zilinunua programu mpya zilizokwisha sahihishwa na waliotangulia, tena zilitegemea kompyuta kwa kadiri ndogo. Lakini siwezi kusema kwamba kila senti ilihitajika. Mtu aliyeogopa hupunguza kuuliza bei, na wauzaji walilijua hilo.

Kwetu Kenya giza lilikuja kweli katika mwaka 2000, ila si kwa sababu ya tarakimu. Ukame wa 1999 na 2000 ulipunguza maji katika mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Masinga mpaka Kiambere, ambayo ndiyo yaliyozalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi, na wananchi wakagawiwa umeme kwa zamu. Dunia nzima ilikuwa imeitazama saa. Hapa kwetu yafaa kutazama mawingu kwanza.

Na fedha zilizotoka katika hisa za tarehe zilikwenda wapi? Nyingi zilihamia katika hisa za makampuni ya intaneti, yaliyokuwa hayana hata wateja wa kuogopa. Kipimo cha soko la Nasdaq kilifika kilele chake tarehe 10 Machi 2000, kisha kikaporomoka mpaka Oktoba 2002, kikapoteza zaidi ya robo tatu. Hata Infosys ilishuka pamoja na wengine, lakini wateja wake walibaki, na kampuni ikainuka. Jambo la namna hiyo limetokea Nairobi pia. Mwaka 2008 Safaricom iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 5 kila moja, na watu wakapanga mistari mirefu, wengine kwa fedha za mkopo. Katika muda usiotimia mwaka hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi 3, na wenye madeni wakauza kwa uchungu. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Kampuni ilikuwa ile ile. Watu hawaachi kupiga simu wala kutumiana fedha baada ya tarehe fulani, na hiyo ndiyo tofauti yake na Viasoft. Lakini aliyekopa ili anunue hakuweza kuingoja tofauti hiyo ionekane.

Kabla sijaweka kalamu chini, nikukumbushe kwamba tarehe ya namna hii iko nyingine mbele yetu. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970, na zile za muundo wa zamani huweka hesabu hiyo katika nafasi isiyoweza kupita 2,147,483,647. Sekunde hiyo ya mwisho itafika tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, wakati mwanafunzi wa Kyuso anapojiandaa kwenda shule. Mashine isiyosahihishwa itaruka nyuma mpaka Desemba 1901, juma moja hivi kabla ya reli kufika Kisumu. Kompyuta mpya nyingi zimekwisha pewa nafasi kubwa zaidi. Wasiwasi uko katika vyombo vidogo vilivyofungiwa ndani ya mitambo, katika mita na pampu na viwanda, ambavyo hakuna anayekumbuka kwamba vina kompyuta ndani yake. Mafundi wa kuvitafuta watahitajika, na bila shaka yatazuka makampuni yatakayotangaza kwamba yanavijua vilipo, yakiuza hisa.